Umm Ayman, Mama Aliyebaki



Mwezi wa Rajab kamati ya da'wa ilinipa zamu ya kutoa darasa baada ya sala ya Maghrib, katika chumba chetu cha kusalia hapa chuoni. Mada haikuwa chaguo langu: wanawake katika maisha ya Mtume (s.a.w.). Nilitaka kuzungumzia habari za Bibi Khadija (r.a.), maana ndizo ninazozijua na ningeweza kuzisema hata bila karatasi. Ndugu mmoja wa mwaka wa tatu akaniambia Bibi Khadija huzungumzwa kila mwaka, nimtafute mwingine. Nikamchukua Umm Ayman. Jina lake nilikuwa nimelisikia madrasa tangu utotoni, na nilidhani habari zake ni fupi, nitazimaliza kabla ya adhana ya Isha.

Sikuzimaliza. Wahariri wa jarida wameniomba niziandike zote, na hizi hapa. Lakini kwanza niseme jambo moja la kwangu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mwanafunzi anayesomea uchumi amekesha wiki nzima na vitabu vya sira.

Mama yangu alifariki miaka 2 iliyopita, nikiwa katikati ya mitihani ya mwaka wa kwanza. Nilifika Rumonge wameshamzika. Tangu siku hiyo nyumba ya kwetu naikimbia. Likizo zikija nabaki Bujumbura, na nikipigiwa simu nasema nina vitabu vya kusoma. Nyumbani yuko baba, wako wadogo zangu 2, na yupo Yaya, mama mmoja aliyeletwa kutoka milimani kumsaidia mama nilipozaliwa mimi, na hakuondoka tena. Yaya ndiye aliyekuwa na mama usiku wa mwisho. Sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu usiku huo. Sasa tuje kwa Umm Ayman.

Jina lake halisi ni Baraka binti Thaalaba. Alikuwa Mhabeshi, na alikuwa mtumwa. Neno hilo nalisema wazi kwa sababu vitabu vingine vya watoto hulipitia mbiombio na kumwita mtumishi. Alimilikiwa na Abdullah bin Abdul Muttalib, kijana wa Kikureshi aliyemuoa Bi Amina binti Wahb. Abdullah alitoka na msafara wa biashara kwenda Sham. Wakati wa kurudi akaugua, akafia Yathrib, mji tunaouita Madina leo, akiwa kijana wa miaka kama 25. Mkewe alikuwa mja mzito. Ibn Saad ameyahesabu aliyoyaacha: ngamia 5, kikundi cha kondoo, na Baraka. Huo ndio urithi wote wa Mtume (s.a.w.) kutoka kwa baba yake. Ngamia huzeeka na kondoo huchinjwa. Baraka alibaki.

Tukiulizwa nani alimlea Mtume, wengi wetu tunajibu haraka kwamba ni Halima. Ni kweli, Bi Halima wa Bani Saad alimnyonyesha, akakaa naye jangwani ile miaka ya mwanzo. Lakini Halima alimrudisha kwa mama yake. Na aliporudi Makka alikuta nyumba yenye wanawake wawili, mama mjane na mtumwa wa Kihabeshi. Kwenye mikono hiyo minne ndiko alikokulia.

Alipofika miaka 6, Bi Amina alimchukua kwenda Yathrib kuwatembelea Bani Najjar, wajomba wa babu yake, katika mji ambao Abdullah alizikwa. Walisafiri kwa ngamia 2, na Baraka alikuwa pamoja nao. Walikaa huko mwezi mmoja. Miaka mingi baadaye, alipohamia Madina akiwa mtu mzima aliyepita miaka 50, Mtume aliiona ile nyumba akaitambua. Akawaeleza masahaba kwamba hapo ndipo mama yake alipofikia naye, na kwamba katika kisima cha Bani Adiyy bin Najjar ndiko alikojifunza kuogelea vizuri.

Mtu huyu alikuwa amekwisha kuteremshiwa wahyi, amefukuzwa kwao, ana umma mzima mabegani. Bado alikumbuka kisima. Hapa nilijiona mimi. Nikimkumbuka mama, sizikumbuki zile nasaha kubwa kubwa ambazo watu hutaja msibani. Nakumbuka beseni la bluu alilotuogeshea uani, lilikuwa na ufa pembeni na lilifinya.

Wakati wa kurudi Makka, mahali paitwapo Abwa, Bi Amina akaugua. Akafariki hapo, akazikwa hapo. Safari iliyokuwa ya mama, mtoto na Baraka ikawa ya mtoto na Baraka. Jangwani, mbali na Makka, mbali na Yathrib. Yeye ndiye aliyempandisha yule yatima juu ya ngamia na kumfikisha kwa babu yake.

Nilipofika mahali hapa katika darasa sauti ilinikatika. Nikajifanya natafuta ukurasa.

Abdul Muttalib alimpenda sana mjukuu wake. Imepokewa kwamba siku moja Baraka alimwacha mtoto akaenda kucheza na wenzake mbali kidogo, na babu akamuonya vikali asighafilike naye tena. Basi ulezi wenyewe ulibaki kwake, Baraka, kama katika nyumba nyingi za kwetu ambako wazee hutoa maagizo na mtu mwingine ndiye anayekimbia nyuma ya mtoto. Miaka 2 tu ikapita, babu naye akafariki. Baraka ndiye aliyesimulia baadaye kwamba siku ile alimuona Mtume, mtoto wa miaka 8, akilia nyuma ya kitanda cha babu yake. Watu wazima walikuwa wengi mle, na mipango ya maziko ya bwana mkubwa wa Makka haikuwa midogo. Aliyemuona mtoto anayelia nyuma ya kitanda ni yeye.

Kutoka hapo mtoto alikwenda kwa ami yake Abu Talib. Kutoka kwa Baraka tunajua pia kwamba hakuwahi kumsikia akilalamika njaa wala kiu, udogoni wala ukubwani. Asubuhi alikunywa maji ya Zamzam, na akiletewa chakula cha mchana mara nyingine alisema ameshiba. Habari kama hizi hazitoki kwa mtu mwingine ila yule anayepika na kuhesabu nani amekula na nani hajala.

Miaka ya ujana naipita haraka. Mtume alipomuoa Bibi Khadija akiwa na miaka 25, alimwacha huru Baraka. Akaolewa na Ubayd bin Zayd wa kabila la Khazraj, akamzaa mtoto wa kiume, Ayman, na kuanzia hapo jina la Umm Ayman likashika. Wahyi uliposhuka alikuwa miongoni mwa waliosilimu mwanzo kabisa, na sioni ajabu. Angesitaje mtu aliyemjua tangu nepi zake?

Baada ya Ubayd, imepokewa kwamba Mtume aliwaambia masahaba kuwa anayetaka kuoa mwanamke wa watu wa Peponi basi amuoe Umm Ayman. Hakuwa msichana tena, alikuwa amempita Mtume kwa umri. Aliyejitokeza ni Zayd bin Haritha, ambaye naye alitekwa utotoni akauzwa, na baba yake alipokuja kumkomboa alichagua kubaki kwa Mtume. Watu wawili waliong'olewa kwao wakajenga nyumba moja. Akazaliwa Usama.

Usama alikuwa mweusi kama mama yake, na Zayd alikuwa mweupe. Watu wakawa wananong'ona. Siku moja mjuzi wa kutambua nasaba aitwaye Mujazziz aliwakuta wawili hao wamelala, wamejifunika shuka moja, vichwa havionekani, miguu tu iko nje. Akasema miguu hii inatokana. Mtume aliingia kwa Bibi Aisha uso unang'aa kwa furaha akamsimulia. Huyo Usama ndiye aliyekuwa akimpakata paja moja, na paja la pili akimpakata mjukuu wake Hasan, akiwaombea wote wawili kwa Allah. Sisi Waislamu wa Afrika tukitaka kuonyesha fungu letu katika Uislamu tunamtaja Bilal na Najashi, tunaishia hapo. Nyumba hii ya Umm Ayman tunaisahau, na Mtume hakuwa mgeni ndani yake.

Katika Hijra, Ibn Saad amepokea kwamba Umm Ayman alikwenda kwa miguu akiwa amefunga, bila maji. Karibu na Rawhaa kiu ikamzidi, na ndipo ikashushwa ndoo kutoka mbinguni kwa kamba nyeupe, akanywa mpaka akatosheka. Alikuwa akisema kwamba baada ya hapo alifunga siku za joto kali na hakuona kiu tena.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, nayo ni Madina, nyumbani kwake. Mtume alikuwa akimtembelea. Akimwita mama, na akisema huyu ndiye mama yake baada ya mama yake. Alikuwa na mambo ya vita, mikataba, wageni kutoka kila upande, wake na mabinti, na bado alikwenda kwa yule mama wa Kihabeshi.

Nilidhani ziara hizo zilikuwa za heshima na utulivu, kama picha tunayojichorea tunapowaza watu wema. Sivyo. Anas bin Malik, ambaye siku moja alikwenda pamoja naye, amesimulia kwamba Umm Ayman alimletea Mtume chombo chenye kinywaji. Mtume hakukinywa. Anas hakujua kama alikuwa amefunga au hakukitaka tu. Basi Umm Ayman akampandishia sauti na kumgombeza. Mwanadamu ambaye masahaba walikuwa hawainui sauti mbele yake! Naye akagombezwa kwa sababu ya kinywaji, kama mimi na wewe. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Imamu Muslim, si ngano za vijiweni.

Siku nyingine alichekecha unga, akaukanda, akamtengenezea mkate. Mtume alipouona akauliza ni kitu gani. Akamjibu kwamba ni chakula wanachokipika katika nchi yao, na yeye alipenda amtengenezee mkate wa namna hiyo. Mtume akamwambia azirudishe pumba ndani ya unga kisha aukande upya. Ameipokea Ibn Majah. Wanavyuoni huitaja hadithi hii wanapoeleza jinsi Mtume alivyoridhika na chakula cha watu wa kawaida, na ni sawa. Mimi niliona na kitu kingine. Umm Ayman alikuwa ametoka Uhabeshi miaka mingi iliyopita, mtumwa, wala hakurudi. Katika sira hii ndiyo mara moja niliyomkuta akitaja kwao, na alikitaja kupitia chungio la unga, kwa ajili ya mtoto aliyemlea ambaye sasa alikuwa na ndevu zenye mvi.

Utani nao ulikuwepo. Alimwendea akitaka apewe mnyama wa kupanda. Mtume akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Umm Ayman akateta kwamba mtoto wa ngamia hatamuweza, wala hamtaki. Mtume akashikilia hapo hapo kwamba hatampa ila mtoto wa ngamia. Maana kila ngamia, hata awe mkubwa namna gani, ni mtoto wa ngamia.

Na ulimi wake ulikuwa mzito katika Kiarabu. Akitaka kutoa salamu maneno yalimpinda, maana ikageuka, ikawa kama mtu anayewaambia watu amani isiwe juu yao. Mtume hakumcheka. Alimruhusu aseme salaam tu, neno moja, ikatosha.

Hapo nilifunga kitabu. Yaya ni mtu wa milimani, na kama watu wengi wa Kirundi, herufi R na L zinambadilikia mdomoni. Kula kwake ni kura, na rafiki ni lafiki. Sisi watoto wa Rumonge, ambao tunajiona wenye Kiswahili, tulimwigiza mpaka mama akatuchapa. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwigiza. Nilifanya hivyo mbele ya wageni.

Turudi Madina. Umm Ayman hakuwa mpole wa kila jambo, na hili nalipenda. Muhajirina walipofika bila kitu, Ansari waliwapa mitende wale matunda yake. Umm Sulaym, mama yake Anas, alimpa Mtume mitende, na Mtume akampa Umm Ayman. Baada ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, Muhajirina walipata riziki, wakawa wanarudisha mitende kwa wenyewe. Anas alitumwa na watu wa nyumbani kwao kuidai ya kwao. Mtume akakubali kuirudisha. Umm Ayman akaja, akamtia Anas nguo shingoni, akaapa kwamba hapewi kitu, mitende alikwisha kupewa yeye. Mtume akawa anambembeleza, akimwambia achukue hiki badala yake, naye anakataa. Akampandishia, akakataa. Alimpandishia mpaka ikafika mara 10 ya ile mitende, au karibu yake, ndipo akaridhika. Mtume angeweza kuamuru tu. Lakini alikuwa anazungumza na mama.

Uhud alikuwepo, akiwapa watu maji na kuwatibu majeruhi. Khaybar alikuwepo. Kisha ukaja mwaka wa 8. Mwezi wa Jumada l-Ula mumewe, Zayd, alitoka akiongoza jeshi la Muuta, akauawa bendera mkononi. Mwezi wa Shawwal, katika vita vya Hunayn, watu walipotawanyika, Ayman alikuwa miongoni mwa wachache waliosimama imara na Mtume, akauawa naye. Katika mwaka mmoja mume na mtoto wa kwanza. Aliyebaki ni Usama.

Mwaka wa 11, huyo Usama, kijana wa karibu miaka 18, akapewa jeshi zima, na ndani yake wamo wazee wa Kikureshi. Alikuwa amepiga kambi Jurf, nje ya Madina, anajiandaa kuondoka. Mjumbe akamfikia kutoka kwa mama yake: Mtume yuko katika hali ya mwisho. Umm Ayman, aliyekuwa Abwa wakati mama alipokufa na aliyemuona mtoto nyuma ya kitanda cha babu, ndiye aliyepeleka habari na safari hii.

Baada ya kufariki Mtume (s.a.w.), Sayyidna Abubakar (r.a.) alimwambia Sayyidna Umar (r.a.) waende wakamtembelee Umm Ayman kama Mtume alivyokuwa akimtembelea. Khalifa mpya huyo, waarabu wameanza kuritadi, wengine wanagoma kutoa zaka, jeshi linasubiri amri. Wakaenda. Walipofika akaanza kulia. Wakamuuliza kinachomliza ni nini, na hali yaliyoko kwa Allah ni bora zaidi kwa Mtume wake. Akawajibu kwamba hilo analijua. Analia kwa kuwa wahyi kutoka mbinguni umekatika. Basi akawaliza wote wawili, wakakaa wanalia pamoja naye.

Kuhusu kifo chake, Zuhri amesema aliishi miezi 5 baada ya Mtume, na Waqidi amesema alifikia mwanzo wa ukhalifa wa Sayyidna Uthman (r.a.). Allah amrehemu na amlipe.

Mtume aliwahi kulizuru kaburi la mama yake, akalia, akawaliza waliokuwa naye. Hiyo tunaijua. Lakini kaburi liko Abwa, mbali, na Umm Ayman alikuwa mtaani. Kila alipoingia kwake aliingia kwa mtu aliyeshuhudia safari ile, aliyekuwa na ngamia wa pili. Palikuwa na unga, kinywaji, ugomvi kidogo na utani. Mimi nilikuwa na mtu kama huyo kilomita 70 na ushei kutoka hapa, na nilikuwa nasema nina vitabu vya kusoma.

Wiki ya kwanza ya Shaaban nilipanda basi dogo kwenda kusini, ziwa mkono wa kulia. Ilikuwa Alhamisi. Nilifika adhuhuri. Baba alikuwa gulioni kwenye mawese yake, watoto shuleni. Yaya alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo. Hakuinuka. Alinitazama, akasema nimekonda, akauliza kama huko chuoni hatupewi kura. Sikucheka. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye, na alipokwisha kuuliza habari za masomo nikamuuliza mimi, usiku ule mama alisema nini.

Hakuacha kuchekecha. Alisema mama alikuwa analeta shahada kidogo kidogo, pumzi ikimruhusu. Katikati akafungua macho akauliza kama ndagala zimeanuliwa, maana amesikia ngurumo upande wa ziwani. Yaya akamwambia zimeanuliwa. Mama akasema alhamdulillah, akarudi kwenye shahada yake mpaka akanyamaza.

Nikamuuliza, zilikuwa zimeanuliwa kweli?

Akasema wapi. Nani angeacha mkono wa mgonjwa akaanue ndagala? Zilinyeshewa zote, na siku ya tatu ya msiba zilinuka uani mpaka wageni wakahamisha mikeka. Tulicheka sana. Kisha yeye akaanza kulia, nami nikaanza, tumekaa hivyo na unga kati yetu.

Alipojifuta uso aliingia ndani akatoka na bakuli la uji. Nikamwambia nimefunga. Akanipandishia sauti: mtoto amekonda hivi, ametoka safari, halafu anafunga, amefundishwa na nani huko. Akasema mengi. Mwisho akaurudisha uji jikoni, akaufunika kwa sahani na kuuweka kando ya jiko la makaa usipoe, ungoje Maghrib.